Fumbo na Urefu Wake: Usalama wa Sauti Hewani na Elimu ya Isimu

Utangulizi

Katika miji ya pwani ya Afrika Mashariki kumekuwako mchezo wa kusema kinyume. Silabi ya mwisho ya neno hutangulizwa mbele, hata nyumba ikawa mbanyu, na kitabu kikawa bukita. Msemaji hodari wa kinyume aweza kupasha habari mbele ya mgeni bila ya mgeni huyo kuelewa neno. Hata hivyo, mgeni mwenye sikio zuri hakosi la kuambulia. Aweza kuhesabu silabi, kwa kuwa kinyume hakiongezi wala hakipunguzi silabi hata moja. Aweza kujua kama usemi ni mfupi au mrefu, kama ni swali lililofuatiwa na jibu au ni hadithi inayosimuliwa. Na ikiwa amezoea kusikia lugha mbalimbali, aweza kukisia kwamba linalofumbwa ni Kiswahili wala si Kiarabu. Maneno yamefichwa, lakini umbo la lugha limebaki wazi.

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi jambo hilo hilo lilivyogunduliwa upya katika elimu ya mawasiliano ya kompyuta, hasa katika utafiti wa vyuo vikuu kuhusu mitandao isiyo na waya na usalama wa sauti na picha zinazotiririshwa ndani yake. Kwa muda mrefu utafiti huo ulidhaniwa kuwa ni shughuli ya wahandisi na wanahisabati peke yao. Tangu mwaka 2007 imedhihirika kwamba sehemu yake moja ni isimu tupu, na kwamba ujuzi unaofundishwa katika idara za lugha waweza kutumiwa kuilinda siri ya msemaji au kuitoboa.

Hewa haina mlango

Mtandao wa kompyuta uliotangulia kubeba habari kwa mawimbi ya redio, zikiwa zimekatwa katika mafungu madogo yaitwayo pakiti, ulizaliwa chuoni. Mwezi wa Juni 1971 Chuo Kikuu cha Hawaii kilianza kuutumia mtandao wa ALOHANET, uliobuniwa chini ya uongozi wa Norman Abramson. Tatizo lake lilikuwa la kijiografia: visiwa vimetengwa na bahari, na kompyuta iko katika kisiwa kimoja. Suluhisho lilikuwa sahili. Kila kituo kiliruhusiwa kusema wakati wowote. Pakiti mbili zikigongana hewani, kila kituo kilingoja muda wa kubahatisha kisha kikarudia. Hesabu ilionyesha kwamba kwa utaratibu huo si zaidi ya asilimia 18 hivi ya uwezo wa njia ingeweza kutumika vyema, lakini wazo lenyewe liliota mizizi. Mwaka 1997 zilipotolewa kanuni za IEEE 802.11, ambazo ndizo msingi wa Wi-Fi, utaratibu wake wa kupeana zamu ulikuwa na nasaba na ule wa Hawaii.

Waya hupita mahali panapojulikana, na anayetaka kuudukua hana budi kuufikia. Wimbi la redio humfikia kila aliye karibu, awe amekusudiwa au hakukusudiwa. Kwa hiyo usalama wa mtandao usio na waya hauwezi kutegemea ukuta. Lazima utegemee fumbo. Fumbo la kwanza la Wi-Fi, lililoitwa WEP, halikudumu. Mwaka 2001 Scott Fluhrer, Itsik Mantin na Adi Shamir walionyesha kwamba lilitumia ufunguo wake kwa namna iliyomwezesha msikilizaji aliyekusanya pakiti za kutosha kuupata ufunguo wenyewe. Fumbo jipya liliwekwa mwaka 2004. Nalo likaonekana kuwa na ufa mwaka 2017, wakati Mathy Vanhoef na Frank Piessens wa chuo cha KU Leuven, nchini Ubelgiji, walipoonyesha kwamba kifaa chaweza kulaghaiwa kikarudia kutumia ufunguo uliokwisha kutumika. Mwaka uliofuata ikatangazwa WPA3.

Visa hivyo vyote vinahusu kufuli na ufunguo. Ufa unaozungumzwa katika makala haya ni wa aina nyingine, kwani hubaki hata kufuli likiwa zima kabisa.

Sauti inavyokatwa na kubanwa

Mtu anapozungumza kwa simu inayopitia intaneti, sauti yake haisafirishwi ikiwa mkondo mmoja mrefu. Hukatwa vipande vidogo, aghalabu vya milisekunde 20 kila kimoja, yaani vipande 50 kwa sekunde. Kila kipande hubanwa ili kisichukue nafasi kubwa, kisha hutiwa ndani ya pakiti na kupelekwa. Irabu moja iliyotamkwa kwa utulivu yaweza kuenea katika pakiti kadhaa.

Kiini cha jambo kiko katika kubana. Programu nyingine za kubana sauti hutumia kiasi kile kile cha biti kwa kila kipande. Nyingine, na mojawapo iliyojulikana sana katika utafiti huu ni Speex, huweza kubadilisha kiasi hicho kulingana na sauti inayotamkwa. Irabu, na sauti zinazolipuka ghafla kwa nguvu, huhitaji biti nyingi ili zisikike vyema. Vikwamizo kama vile s na f huridhika na biti chache, na kimya huhitaji chache zaidi. Huku ndiko kuweka akiba: biti hutumika palipo na haja, na mahali pengine huhifadhiwa.

Mwanafunzi wa fonetiki ataona mara moja maana ya jambo hili. Ikiwa ukubwa wa pakiti hufuata aina ya sauti, basi mfuatano wa pakiti ni aina ya unukuzi. Ni unukuzi hafifu mno, usiotofautisha s na f, wala i na e kwa yakini, lakini ni unukuzi. Kwa kueleza tu, neno safisha, ambamo vikwamizo vitatu vimepishana na irabu tatu, huelekea kutoa mfuatano wa pakiti ndogo na kubwa kwa zamu; neno aliua, lililojaa irabu, huelekea kutoa pakiti kubwa mfululizo.

Fumbo lisilogusa urefu

Mwezi wa Machi 2004 zilichapishwa kanuni za kulinda sauti na picha zinazosafirishwa papo kwa papo, zijulikanazo kama SRTP, katika waraka wa RFC 3711. Kanuni hizo ziliteua njia ya kufumba ambayo kwa usalama wa yaliyomo haina lawama. Kila biti ya sauti huchanganywa na biti ya siri, na asiye na ufunguo huona vurugu isiyo na mpango.

Lakini njia hiyo haibadilishi urefu. Sauti iliyobanwa ikawa baiti 20, fumbo lake ni baiti 20. Ikawa 38, fumbo ni 38. Huongezwa muhuri wa uthibitisho, lakini kwa kuwa muhuri huo una urefu usiobadilika, haufichi tofauti yoyote. Hata Wi-Fi ikiongeza fumbo lake juu ya hilo, urefu wa kila pakiti waweza kupimwa na yeyote aliye na antena jirani. Hali ni ile ile ya kinyume: maneno yamepinduliwa, hesabu ya silabi haikuguswa.

Afrika ina mfano mwingine unaostahili kukumbukwa hapa. Miongoni mwa Walokele, walio karibu na Kisangani nchini Kongo, ngoma ya gogo hupeleka habari mbali. John Carrington, aliyechapisha kitabu juu ya ngoma hizo mwaka 1949, alieleza kwamba ngoma haitamki konsonanti wala irabu. Hubeba toni na mapigo ya usemi tu. Kwa kuwa maneno mengi hushiriki toni zile zile, mpigaji hurefusha jina kwa fungu la maneno lililozoeleka hadi utata uondoke. Kwa hiyo, habari inayobaki baada ya fonimu zote kuondolewa si chache kama mtu angedhani. Penye kawaida na marudio, mabaki hayo hutosha kuujenga upya usemi.

Jaribio la mwaka 2007

Katika mwaka huo watafiti wanne wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Charles Wright, Lucas Ballard, Fabian Monrose na Gerald Masson, waliuliza swali ambalo mwanaisimu angejivunia kulibuni: je, mtu asiyeweza kufumbua hata neno moja aweza kujua lugha inayozungumzwa?

Walitumia sauti za wasemaji 2,066 wa lugha 21, kila mmoja akisema lugha yake ya kuzaliwa. Sauti hizo zilitoka katika mkusanyo wa mazungumzo ya simu ya lugha 22 uliofanywa na taasisi ya Oregon Graduate Institute, nchini Marekani, mkusanyo ambamo Kiswahili nacho kimo. Sauti zilibanwa kwa Speex, na watafiti wakatazama urefu wa pakiti tu. Walihesabu ni mara ngapi kila urefu hutokea, na ni mara ngapi urefu fulani hufuatwa na mwingine. Kila lugha ikawa na sura yake ya takwimu, nayo mazungumzo mapya yakalinganishwa na sura hizo.

Anayebahatisha miongoni mwa lugha 21 hupata jibu sahihi kwa chini ya asilimia 5. Njia ya watafiti hawa ilipata asilimia 66. Walipoambiwa wachague kati ya lugha mbili tu, kwa mfano Kihispania au Kiingereza, walipata wastani wa asilimia 86.6.

Mwanaisimu hana sababu ya kustaajabu sana. Lugha hutofautiana kwa idadi na mpangilio wa fonimu, kwa uzito wa silabi, kwa konsonanti zinazoruhusiwa kuandamana na kwa urefu wa irabu. Kilichokuwa kipya ni kwamba tofauti hizo zilipenya ndani ya fumbo zima, zikafika upande wa pili zikiwa hai.

Kamusi kama ufunguo

Mwaka 2008 Wright na wenzake walikwenda mbele zaidi. Mara hii walitafuta virai na sentensi maalumu ndani ya mazungumzo yaliyofumbwa. La kuwapa fikira wasomi wa lugha ni kwamba hawakuhitaji kuwa na sauti ya mzungumzaji, wala kumbukumbu ya mtu yeyote akiyatamka maneno yanayotafutwa. Walihitaji matamshi ya maneno kama yanavyopatikana katika kamusi. Kutokana na matamshi hayo walijenga kielelezo cha mfuatano wa pakiti unaotazamiwa, kisha wakaupekua mkondo wa simu. Walipojaribu kwa wasemaji 630 wa Kiingereza cha Marekani, usahihi ulikuwa asilimia 50 kwa wastani, na kwa sentensi kadhaa ulizidi asilimia 90.

Mwaka 2011 Monrose, akiwa sasa katika Chuo Kikuu cha North Carolina huko Chapel Hill, pamoja na Andrew White, Austin Matthews na Kevin Snow, hawakutafuta tena sentensi walizozijua. Waliugawa mfuatano wa pakiti katika mafungu yaliyoelekea kuwa fonimu moja moja, wakayakisia majina ya fonimu hizo, kisha wakatumia kanuni za mpangilio wa fonimu za Kiingereza kuamua neno linaishia wapi na jingine linaanzia wapi. Mfuatano wa konsonanti usioruhusiwa ndani ya neno moja ni dalili ya mpaka wa maneno. Matokeo yalikuwa ni nakala ya kukisia, yenye makosa mengi, lakini mahali pengine iliyokaribia vya kutosha kufichua maana.

Yaani kazi iliyofanywa kwa subira na watunga kamusi na wachunguzi wa fonolojia, bila ya kudhamiria madhara yoyote, iligeuka kuwa sehemu ya ufunguo.

Katika picha zinazotiririshwa jambo hili lina ndugu yake. Filamu hukatwa vipande vya sekunde chache, na kipande chenye vurumai nyingi huwa kikubwa kuliko kile cha mtu aliyekaa kimya. Mwaka 2017 Roei Schuster, Vitaly Shmatikov na Eran Tromer walionyesha kwamba mapigo ya data yanayotokana na hali hiyo hutosha kuitambua filamu miongoni mwa filamu zilizokwisha kupimwa, ingawa mkondo wote umefumbwa. Filamu hubaki ile ile kila itazamwapo, kwa hiyo ni rahisi kuitambua kuliko usemi wa binadamu, usiorudiwa mara mbili kwa namna moja.

Kiswahili katika mizani hii

Yapasa kusemwa kwa tahadhari kwamba majaribio ya 2008 na 2011 yalifanywa kwa Kiingereza, na matokeo yake hayawezi kuhamishiwa lugha nyingine bila ya kupimwa. Hata hivyo yafaa kuuliza muundo wa Kiswahili ungemsaidia au kumzuia msikilizaji wa aina hii.

Kwa upande mmoja, Kiswahili kingeweza kumsaidia. Kina irabu tano tu, silabi zake nyingi ni wazi, na takriban kila neno huishia kwa irabu. Mkazo wake huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, isipokuwa katika maneno machache, mengi yao yakiwa ya asili ya Kiarabu, kama lazima kwa matamshi ya wengi. Mkazo unaotabirika huashiria mpaka wa neno. Viambishi vya ngeli na vya wakati hurudiarudia kwa utaratibu unaofahamika. Sifa ambazo mwalimu huzitaja darasani akieleza urahisi wa kujifunza Kiswahili, ndizo zingeweza kuwa urahisi wa kukitambua.

Kwa upande mwingine, lugha ambayo karibu silabi zake zote ni konsonanti na irabu hutoa mapigo yanayofanana, na maneno mengi yangekuwa na sura moja katika mizani ya pakiti. Maneno paka, taka, chapa na kata hayangetenganishwa kwa urahisi. Aidha, mazungumzo ya kila siku, hasa mijini Kenya, huchanganya Kiswahili, Kiingereza, Sheng na lugha za mama katika sentensi moja, na mchanganyiko huo ungevuruga kielelezo chochote kilichojengwa juu ya lugha moja safi.

Lakini swali zito zaidi halihusu sentensi. Linahusu utambuzi wa lugha yenyewe. Kitabu cha Waamuzi chasimulia jinsi watu wa Gileadi walivyowatambua Waefraimu kwenye vivuko vya Yordani kwa kuwataka watamke neno Shibolethi. Aliyeshindwa kutamka sh aliuawa. Katika nchi ambamo lugha ya mama huchukuliwa kuwa dalili ya kabila, kujua lugha ya simu ni kujua, au kudhani kujua, mzungumzaji ni nani. Msafiri wa Yordani alilazimishwa kusema, na alijua kwamba anajaribiwa. Anayepimwa kwa urefu wa pakiti zake hana habari, naye amekwisha kuhakikishiwa kwamba simu yake imefumbwa.

Dawa na bei yake

Dawa ya ufa huu inajulikana. Njia ya kwanza ni kuacha kubadilisha kiasi cha biti, ili kila pakiti iwe na urefu mmoja, iwe imebeba irabu, kikwamizo au kimya. Njia ya pili ni kuzijaza pakiti fupi kwa biti zisizo na maana hadi zilingane na ndefu. Mwezi wa Machi 2012 ulichapishwa waraka wa RFC 6562 wenye maonyo na mashauri juu ya jambo hili. Uliandikwa na Colin Perkins na Jean-Marc Valin, na huyu Valin ndiye mtunzi wa Speex yenyewe. Waraka ulionya hasa kuhusu usemi uliorekodiwa kabla na mazungumzo yenye mpango usiobadilika, kama ya mitambo inayomwuliza mteja maswali yale yale. Programu ya Opus, iliyokubaliwa kuwa kanuni mwaka huo huo na kuchukua nafasi ya Speex, huweza kuwekwa itumie kiasi kisichobadilika.

Lakini dawa ina bei. Kubadilisha kiasi cha biti kulibuniwa kwa ajili ya akiba, na kuiacha akiba hiyo ni kutumia data zaidi kwa maneno yale yale. Anayelipia data kwa mwezi bila ya kipimo haoni tofauti. Anayenunua kidogo kidogo, ambaye huhesabu kila shilingi, ndiye aonaye. Wahenga walisema rahisi ghali. Hapa mwenye kubana matumizi ndiye anayeacha umbo la usemi wake likionekana zaidi. Mara nyingi, hata hivyo, si yeye aliyechagua. Uchaguzi hufanywa na mtunga programu, naye mzungumzaji hajui kwamba palikuwa na cha kuchagua.

Hitimisho

Ufa ulioelezwa hapa hautokani na udhaifu wa hisabati. Unatokana na kwamba lugha ina umbo, na umbo hilo ni gumu kulifuta kuliko maneno. Mhandisi aliyedhani kwamba amekwisha kuficha usemi alikuwa ameficha fonimu tu, akaacha nje mpangilio, mapigo na urefu.

Yafuatayo yanazihusu idara za lugha moja kwa moja. Kwanza, mikusanyo ya sauti za lugha za Afrika yapasa ihifadhiwe kwa kujua kwamba ni vielelezo vya kupimia wasemaji wengine, zaidi ya kuwa kumbukumbu za utamaduni. Msemaji anayeombwa sauti yake ana haki ya kuelezwa hivyo kabla ya kukubali. Pili, swali la kama Kiswahili, au Kikamba, au Kiluo, hujidhihirisha ndani ya pakiti kwa kiasi gani, haliwezi kujibiwa na mhandisi asiyeijua fonolojia ya lugha hizo, wala na mwanaisimu asiyejua pakiti ni nini. Tatu, jibu hilo likipatikana, liwafikie kwanza wale wanaotunga na kuchagua programu za mawasiliano.

Mwerevu wa zamani alijua mipaka ya kinyume. Alikitumia kwa mzaha na kwa siri ndogondogo, na penye jambo zito alinyamaza, au alimvuta mwenziwe pembeni. Anayezungumza kwa simu iliyofumbwa hana budi kuijua mipaka ya fumbo lake vivyo hivyo, na wa kumweleza kwa lugha anayoielewa ni wale waliofanya lugha kuwa kazi yao.